Glavu za kiharusi zifike nyumbani kwa mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie glavu na vifaa vingine vya kuvaa mkononi vinavyowasaidia waliopata kiharusi kushika na kuachia vitu tena. Video zake zinazunguka sana kwenye simu zetu. Mgonjwa anakunjua vidole, ndugu zake wanalia kwa furaha, na chini yake watu wanauliza: kwa Dar zinapatikana wapi, na ni bei gani? Mimi ni mmoja wa wanaouliza. Namuuguza mdogo wangu, fundi cherehani, ambaye mguu umerudi akatembea lakini mkono wa kulia ulibaki umejikunja ngumi. Naomba tuulize na la zaidi: hivyo vifaa vikija, vitakaa wapi, na nani atalipa?

Jiji hili lina kila sababu ya kulivalia njuga jambo hili. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Walipozingatia tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar 316. Karibu mara tatu. Waliopona katika hao wako mitaani kwetu, na wengi wao wana mkono mmoja uliobaki nyuma.

Aliyewahi kuuguza anaujua mkono huo. Kidole gumba kimefungiwa ndani, kucha zinachoma kiganja, na kwa joto letu hili jasho likikaa humo siku mbili tu kunaanza kunuka na ngozi kuchubuka. Ukiwa na haraka ukavuta ncha za vidole, mkono unakaza zaidi. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyetuonyesha njia: unaanza na kiwiko cha mkono kwenye meza, unakunja kifundo polepole kuelekea chini, vidole vinalegea vyenyewe, ndipo unatoa gumba kuanzia shinani, kisha kidole kimoja kimoja. Unaosha, unakausha katikati ya vidole. Baada ya hapo ndipo mazoezi yanaanza.

Vifaa vyenyewe ni vya aina nyingi. Kuna glavu zinazofungua na kufunga vidole kwa mota, kwa nyuzi au kwa hewa inayosukumwa na pampu ndogo. Kuna vinavyopitisha umeme mdogo kwenye ngozi ya mkono ili misuli ijikaze. Kifaa kiitwacho MyoPro, kilichoanzia kwenye kazi za chuo cha MIT cha Marekani, kina vihisi vinavyosoma ishara dhaifu ya msuli. Mgonjwa akijaribu kukunjua, hata kama hakuna kinachoonekana kwa macho, mota inaimalizia nia yake. Kingine, IpsiHand, kilichoruhusiwa Aprili 2021 na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kinavaliwa pamoja na kofia inayosoma ishara kutoka upande wa ubongo ambao haukuumia. Huko kwenye vyuo vikuu vya Georgia Tech na Stanford, Marekani, wamejaribu glavu inayotetemesha vidole kwa saa kadhaa kila siku, mgonjwa akiwa nyumbani anaendelea na shughuli zake.

Hilo neno nyumbani ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia, na kurudia kwenyewe ni kwingi kuliko tunavyodhani. Utafiti wa Catherine Lang na wenzake uliochapishwa mwaka 2009 uliona kwamba katika kikao cha tiba, mgonjwa alifanya kwa wastani matendo 32 tu ya maana kwa mkono ulioathirika, wakati wanyama wa maabara waliofundishwa upya kutumia mkono walikuwa wakirudia mamia kwa siku. Na hao walikuwa wagonjwa wa nchi zenye wataalamu wa kutosha. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RATULS, lenye wagonjwa 770. Kundi moja kati yao lilifanyishwa mazoezi kwa roboti kituoni, na mwishowe matumizi yao ya mkono hayakuwa bora kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mashine ya gharama kubwa kukaa hospitali, peke yake, haijamrudishia mtu mkono. Ninachokiona kwenye vifaa vya kuvaa ni kwamba vinaweza kulala na mgonjwa nyumba moja, akavitumia asubuhi na jioni bila kumsubiri mtu.

Fikiria mgonjwa wa Chanika au Mbagala anayetakiwa kliniki. Daladala hapandi mwenyewe, na konda mwenye haraka humshika mkono uleule mbovu na kumvuta juu. (Makonda wetu, tafadhali, msivute mkono huo. Bega la aliyepooza hutoka mahali pake kirahisi, na maumivu yake hukaa miezi.) Ikishindikana daladala ni bajaji, kwenda na kurudi, na mtu wa kumsindikiza ambaye siku hiyo hafanyi kazi. Hela ikikata, kliniki inakatwa. Mara nyingi inakatwa miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo mkono una nafasi kubwa kuliko zote ya kurudi.

Kwa hiyo napendekeza vifaa hivi vinunuliwe kwa ajili ya kuazimwa. Hospitali zetu za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, ziwe na akiba ya glavu, mgonjwa apimwe, aoneshwe na aliyemsindikiza pia aoneshwe, achukue kwa miezi kadhaa, kisha arudishe apewe mwingine. Simu ya video itoshe kumfuatilia, aitwe kliniki pale tu panapohitajika mikono ya mtaalamu. Maana mtaalamu hawezi kuondolewa kwenye hesabu hii. Mkono uliokaza sana ukilazimishwa na pampu unaweza kuumia, na ngozi iliyokufa ganzi haimwambii mwenyewe kwamba inachubuka. Tayari watu wanajiagizia glavu za bei nafuu mtandaoni bila kupimwa na yeyote, nami siwalaumu, kila mtu anamhangaikia mgonjwa wake. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ingetusaidia sana kwa kutangaza ni zipi zimesajiliwa.

Kuhusu malipo, Marekani bima ya serikali kwa wazee, Medicare, ilianza mwaka 2024 kuilipia MyoPro kama kifaa cha kushikilia mkono. Kwetu tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Naomba kitita cha mafao kiguse utengamao wa mgonjwa wa kiharusi kwa maana kamili: vikao vya fiziotherapia vya kutosha, mtaalamu kumfikia nyumbani, na kifaa cha kuazimwa. Vijana wa DIT, taasisi yetu ya teknolojia ya Dar es Salaam, wanaosomea vifaa tiba nao wapewe kazi hii, watutengenezee glavu isiyotunza jasho, inayofuliwa, yenye betri ya kuvumilia umeme ukikatika.

Wakati tukisubiri, lipo la kufanya leo. Jaribio la EXCITE la Marekani, lililotoka mwaka 2006 likiwa na wagonjwa 222, lilitumia kifaa cha kuvaa kisicho na betri wala waya: glavu isiyogawanywa vidole, kama mfuko, inayovalishwa mkono usioumwa, ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Waliopangiwa glavu hiyo waliivaa sehemu kubwa ya siku kwa wiki mbili, huku wakifanyishwa mazoezi kila siku ya kazi, na mwaka mmoja baadaye bado walikuwa mbele ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Inamfaa tu mwenye uwezo wa kukunjua vidole na kifundo walau kidogo, na haivaliwi karibu na jiko wala kwenye ngazi. Mdogo wangu alipofikia hapo na mtaalamu akaridhia, kijana aliyejifunza cherehani kwake alimshonea moja kwa kitambaa cha jinzi na sponji. Sasa anabandua vibanio vya nguo kwenye kamba kwa mkono wa kulia. Vingine vinamponyoka, anaokota.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mwandishi wako aende Wizara ya Afya na NHIF akaulize: kwenye kitita cha bima ya wote, mgonjwa wa kiharusi amewekewa vikao vingapi vya mazoezi, na kifaa cha mkono kimo au hakimo? Jibu watakalompa mlichapishe kama lilivyo.

Wako,
Msomaji, Mbagala,
Dar es Salaam