Sefu, usiwakatalie wazee

Morogoro, Jumapili jioni

Sefu ndugu yangu,

Salamu sana. Huku tu wazima, ila mvua imetushika na umeme unakuja na kukatika, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ujumbe wako ulinichekesha, kisha ukaniudhi. Ati wazee wa taarabu hapo Tanga wamekuita ukapige gita nao, nawe ukawajibu kwamba wewe ni mtu wa roki! Sasa sikia habari za Ry Cooder.

Huyu ni Mmarekani wa Los Angeles, mzaliwa wa 1947. Umeshamsikia bila kumjua: lile gita linaloteleza kwenye "Sister Morphine" ya bendi ya roki ya Rolling Stones ni lake. Angeweza kuishia hapo, akala jina. Badala yake, mwaka 1992 aliingia kwenye kanisa moja huko California na Mhindi Vishwa Mohan Bhatt, mwenye gita alilolibuni upya likawa na nyuzi 20. Walikuwa ndiyo kwanza wamekutana. Wakapiga, wakarekodi, wakapata tuzo ya muziki ya Grammy. Kisha akarekodi na mpiga gita Ali Farka Touré wa Mali, Grammy nyingine.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha Havana, 1996. Mpango ulikuwa wapigaji wa Mali wakutane na Wakuba. Wamali hawakufika, mambo ya hati za safari. Studio imeshakodiwa, Cooder kaja na mwanawe, wageni hakuna. Ndipo wakaanza kusaka wazee. Ibrahim Ferrer, mwimbaji, alikuwa anang'arisha viatu. Rubén González, miaka 76, hakuwa hata na piano nyumbani. Asubuhi alikuwa akisubiri mlango wa studio ufunguliwe akimbilie iliyokuwamo. Compay Segundo alikuwa na miaka 88! Ndiyo albamu ya Buena Vista Social Club hiyo. Baadaye serikali ya Cooder ikampiga faini ya dola 25,000 kwa kukiuka vikwazo ilivyoiwekea Kuba.

Sasa weka wimbo wao "Chan Chan" ulitafute gita la Cooder. Utalisikia likipita nyuma ya waimbaji kama mtoto anayepita mbele ya wazee huku ameinama. Mtu wa sifa kama zile! Mimi na wewe tungeshajaza solo kila penye upenyo, kubali.

Na usiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. Hapa Moro, Salum Abdallah hakuiita bendi yake Cuban Marimba kwa bahati tu. Santuri za mfululizo ulioitwa GV zilileta nyimbo za Kuba, vijana wa wakati ule wakazisikiliza mpaka zikakwaruzika, wakaimba kwa Kiswahili chao. Marehemu babu alikuwa nazo mbili, tukazifanya sahani za kuchezea. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo rudi kwa wazee, uwaombe radhi. Pedali lako la mngurumo liache nyumbani. Na kabla hujachomeka waya, msikilize mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, ametyuni wapi, umfuate yeye. Ana nyuzi zaidi ya sabini, usitegemee azigeuze kwa ajili yako.

Nyuzi ulizoniagiza nimezipata, nitazituma kwa basi la Jumatano. Mazoezi yenu yakiwa Alhamisi, zitawahi. Nirekodie hata kwa simu.

Msalimie mama sana.

Nduguyo,
Juma