Mabadiliko ya kikao cha Jumamosi: The Hunger Games

Wapendwa wasomaji wenzangu, salamu.

Kwa kuwa wengi wenu mmeimaliza riwaya hii ya Suzanne Collins kabla ya muda tuliopanga (na wawili wamekiri kwamba walikesha), hatutaigawa tena katika vikao vitatu kwa kufuata sehemu zake tatu, bali tutaijadili yote, sura zote 27, Jumamosi hii kuanzia saa 2:00 hadi saa 3:30 usiku, kwa simu ya pamoja humu kikundini.

Tutaanzia kwenye kura ya kuwateua vijana watakaopigana hadi kufa, ambapo mtoto wa familia maskini huweza kuongeza idadi ya mara jina lake linapoingizwa ili apewe nafaka na mafuta. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha kitabu, kuliko hata mapigano ya vijana 24 uwanjani. Kila mmoja achague kifungu kifupi, akisome kwa sauti, kisha aeleze kwa dakika tatu kwa nini kimemgusa. Ubishi kuhusu Peeta na Gale, wavulana wawili wanaompenda mhusika mkuu Katniss, ambao najua hauepukiki, umetengewa dakika kumi za mwisho.

Waliokwisha kusoma Catching Fire na Mockingjay, vitabu viwili vinavyoendeleza hadithi hii, wanaombwa wasifichue yaliyomo.

Tafadhali thibitisha kwa kuandika "Nitakuwepo" au "Sitakuwepo" kabla ya Alhamisi saa 12:00 jioni, ukitaja na sura uliyochagua ili tusirudie vifungu. Tunahitaji pia mwandishi wa muhtasari. Aliye tayari anijulishe.

Natanguliza shukrani.