Barua ya wazi kwa vijana mnaoulizana maswali

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote. Naona mmeshika mchezo wa kukaa duara na kurushiana maswali yasiyo na mpangilio: unapenda rangi gani, wimbo gani unausikiliza ukiwa peke yako, nani ulimwandikia barua ya kwanza ya mapenzi, siku gani uliumbuka ukatamani ardhi ipasuke ikumeze. Mchezo huu si wa jana. Katika karne ya 19 huko Ulaya kulikuwa na vitabu maalumu vya maswali ya aina hiyo, vikizungushwa baina ya marafiki, kila mmoja akijaza majibu yake. Mwandishi Mfaransa Marcel Proust, aliyezaliwa 1871, alijaza kitabu cha rafiki yake Antoinette Faure akiwa bado kijana, na majibu yake yanasomwa hadi leo. Basi chezeni bila haya. Mimi naandika kuhusu kujibu, maana wengi wenu hamjibu vizuri. Wengine huzungumza dakika nzima wasiseme kitu, na wengine husema yale ambayo hayakuwa yao kuyasema.

Nianze na maswali ya mnachopenda, kwa kuwa ndiyo mengi. Mtu akiulizwa anapenda muziki gani hujibu, "Wowote tu, nasikiliza kila kitu." Aliyeuliza anabaki hana pa kushika: hawezi kubisha, hawezi kushangaa, hawezi kuuliza la pili. Mara nyingi jibu hilo huletwa na hofu ya kuchekwa, au na dhana kwamba swali linadai hukumu ya maisha yote. Halidai. Ni swali la leo, na mwakani ukibadilika hakuna atakayekushitaki. Ukikwama kabisa, ligeuze kimoyomoyo: mwezi uliopita nimekirudia kitu gani mara nyingi kuliko vingine? Jibu litakuja lenyewe, kwa sababu ni rahisi kukumbuka ulichofanya kuliko kupima unavyopenda.

Jibu zuri la namna hii halizidi nusu dakika na lina vitu vitatu. Taja kitu chenyewe kwa jina lake, yaani kitabu kimoja, wimbo mmoja, rangi moja. Hata bluu, sema ni bluu gani. Kisha taja sehemu inayokushika: pale ngoma zinaponyamaza sauti ikabaki peke yake. Halafu weka mpaka, useme unapoachia. "Napenda kutembea kwenye manyunyu, ila upepo ukianza narudi ndani." Mpaka huo ndio unaotufanya tuamini. Mtu asiyekataa chochote bado hatujamjua anapenda nini.

Acheni pia kujitetea kabla hamjashambuliwa. "Najua ni cha kijinga, lakini mimi napenda…" Ukianza hivyo umewapa wenzako kazi ya kukubembeleza, na starehe ya jibu imekwisha. Kibaya zaidi ni kujibu kwa kusoma nyuso za kundi. Ukisema unapenda usichokipenda, rafiki ataamini. Siku moja atakuletea zawadi ya kitu hichohicho au akualike kukifurahia pamoja naye, nawe itabidi uigize mara ya pili, na ya tatu. Ni deni lisiloisha kwa ajili ya swali lililokuwa jepesi.

Na msichekane kwa nyimbo za zamani. Mwaka 1989 watafiti Morris Holbrook na Robert Schindler walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba watu huelekea kuzipenda zaidi nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 23 na nusu hivi. Hizo mnazozisikiliza sasa, wadogo zenu watazicheka muda si mrefu.

Sasa tuje kwenye aibu za ujanani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo urafiki hushikana na ndipo huvunjika.

Kwanza jueni ukubwa halisi wa aibu yenyewe. Mwaka 2000, mtafiti Thomas Gilovich na wenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walivalishwa fulana ya kuwatia aibu, yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangemtambua aliye kwenye picha. Waliomtambua walikuwa kama robo tu. Sisi hujiona tumemulikwa kuliko tulivyomulikwa kweli. Lile jambo unalolibeba tangu una miaka 13, wengi walioliona hawalikumbuka jioni yake. Kwa hiyo kulisimulia hakugharimu kama unavyodhani, ilimradi uchague vizuri.

Kuchagua ni hivi. Katika kisa hicho anayechekesha awe wewe, asiwe mwingine yeyote. Kisiwe na mtu aliyeumia. Kisimtaje mtu ambaye kundi linamjua. Na kiwe kimepoa. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na neno hilo linamhusu pia mwenye kovu mwenyewe, kwani anaweza kujidanganya. Jipime: kisimulie kwa sauti ukiwa peke yako, mara moja, mpaka mwisho. Ukijikuta unaeleza kwa nini halikuwa kosa lako, au sauti inabana, au unaruka sehemu, kiache. Miaka iliyopita si kipimo. Kuna la miaka 20 ambalo bado ni bichi, na kuna la mwaka jana lililokauka.

Kusimulia nako kuna kiasi. Sentensi tano hadi saba zinatosha. Taja umri na mahali, kisha ulichokuwa unakitaka, kisha kilichotokea, kisha aliyeona, halafu unyamaze. Kwa mfano: "Nilikuwa na miaka 14, darasani. Nilitaka kumsalimia msichana mmoja kwa sauti nzito ya mtu mzima, na nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu asubuhi. Sauti ikanipasuka katikati ya neno. Darasa zima likasikia. Nikapitiliza hadi nje, na kipindi kilikuwa hakijaisha." Angalieni kinachobeba kisa hicho ni yale mazoezi. Wengi huiruka sehemu ya ulichokitaka na kukimbilia kuanguka, ndiyo maana hakuna anayecheka: hatuwezi kuona mtu ameanguka kutoka wapi. Na ukiongeza, "Tangu siku hiyo nikajifunza kuwa mimi mwenyewe," umekiua kabisa. Aliyekuuliza alitaka kisa, mawaidha ataombwa mwingine.

Kuna hila tatu ambazo kundi huzigundua upesi. Ya kwanza ni majigambo yaliyovikwa aibu: "Mimi niliumbuka sana, nilitangazwa wa kwanza shule nzima nikashindwa hata kusema asante." Watu watatabasamu, ila hawatakuuliza tena. Ya pili ni kutia chumvi. Kisa cha aibu hurudiwa, na mara ya tatu yatakuwapo masikio yaliyosikia ya kwanza. Idadi ya watazamaji ikipanda kutoka 10 hadi 200, hata ile iliyokuwa kweli haitaaminiwa. Ya tatu ni kushindana. Mwenzako hajamaliza, wewe umeshaanza, "Hiyo si kitu, sikilizeni yangu." Umemnyang'anya kicheko chake mkononi.

Sijasahau walio wageni kundini. Mwaka 1966 mtafiti Elliot Aronson na wenzake waliwasikilizisha watu rekodi za mshiriki wa shindano la maswali, na katika baadhi yake mshiriki huyo alijimwagia kahawa. Aliyekuwa amejibu maswali vizuri alipendwa zaidi baada ya kujimwagia. Aliyekuwa amekosa maswali mengi alipendwa kidogo kuliko kabla. Kosa hukupunguzia ukali pale watu wanapokuwa wameshaona unachoweza. Kwa hiyo ukiingia kwenye kundi jipya, au mahali pa kazi ambapo bado hawakujui, kaa na maswali ya unachopenda kwa muda. Kisa cha kuumbuka kije baadaye, na kiwe kimoja kwa kikao.

Yule mtu wa pili katika kisa ndiye ninayemhofia zaidi. Barua ya mapenzi ina aliyeandika na aliyeandikiwa. Ugomvi wa nyumbani una wazazi ndani yake. Ukisema kundini kwamba fulani alikukataa kwa maneno haya na haya, umejibu swali ambalo yeye hakuulizwa. Kubadilisha jina hakutoshi ikiwa umetaja shule, mwaka na mtaa, maana wanaomjua wataunganisha vipande kwa dakika moja. Ondoa vyote vitatu, au chagua kisa kingine. Aibu ya watu wawili ina wenyewe wawili, na mmoja hayupo kukupa ruhusa.

Kukataa kujibu ni haki, na mnakufanya kuwa kugumu bila sababu. Sema, "Hilo napita." Usiongeze kitu. Ukitoa sababu, kundi litaanza kuijadili: utaambiwa hatutasema, utaambiwa mbona fulani amejibu, na mwisho utasema kwa kuchoka. Wala usidanganye ili kupita, kwani uongo huo utautunza miaka. Kabla hamjaanza, kubalianeni kwamba anayepita haulizwi kwa nini, na kwamba ndiye anayeuliza swali linalofuata. Hapo kupita hakutaonekana kama kukimbia. Maswali ya mwili, ya fedha na ya yaliyotokea chumbani, mimi nayaona yanafaa kupitwa hata pale mtu anapokuwa radhi kuyajibu, ila hapo najua baadhi yenu mtanibishia.

Kuhusu mpangilio nitasema machache. Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi, kujibu kunageuka kuwa kuhutubia. Anayeuliza naye ajibu swali lake mwenyewe, ndipo mtajua kama lilikuwa la haki. Anzeni na mepesi. Mwaka 1997 mtafiti Arthur Aron na wenzake walichapisha maswali 36 ya kuwafanya watu wasiojuana wawe karibu, yaliyogawanywa katika mafungu matatu ya 12, kila fungu likienda ndani kuliko lililotangulia, watu wawili wakijibu kwa zamu kwa muda wa dakika 45. Siri yake iko katika zamu na ngazi. Anayeanza na "aibu yako kubwa ni ipi?" wakati watu hawajakaa vizuri atapewa majibu ya uongo, na atakuwa ameyaomba mwenyewe.

Msikilizaji naye ana kazi. Utafiti wa Karen Huang na wenzake wa 2017 ulionyesha kwamba watu huwapenda zaidi wanaouliza maswali ya kufuatia, yaani yanayotoka ndani ya kile kilichosemwa punde. Mwenzako akisema sauti ilimpasuka, muulize mazoezi aliyafanyia wapi. Usimpe ushauri, na usimwambie "pole" kwa uso wa msibani. Cheka tukio, na usimtungie jina la utani kutokana nalo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha: jina linaloanza kwa kicheko leo huja kutumika siku ya ugomvi, au mbele ya mchumba wake, na yeye hakukisimulia kisa chake kwa ajili hiyo. Kilichosemwa kwenye duara kisirudishwe na mwingine ila aliyekisema.

Mnaocheza kwa simu, hapa mtege masikio. Maandishi hupigwa picha ya skrini na kutumwa kwingine, na kicheko kilichokuwa sautini hakiendi nayo; anayesoma baada ya wiki anaona maneno makavu. Visa vya aibu viwe vya mdomo, maandishini yabaki maswali ya rangi na nyimbo. Tena kuna maswali yanayofanana sana na mchezo huu ambayo ni funguo: mnyama wako wa kwanza aliitwaje, mwalimu wako wa kwanza ni nani, ulikulia mtaa gani, jina la ukoo la mama yako kabla hajaolewa. Hayohayo ndiyo baadhi ya huduma huyatumia kumrudishia mtu nywila aliyoisahau. Mwaka 2008, Sarah Palin akiwa mgombea mwenza wa urais nchini Marekani, kijana mmoja aliingia kwenye barua pepe yake kwa kujibu maswali kama hayo kutokana na habari zilizokuwa wazi kwa kila mtu. Ukikutana nayo kwenye orodha inayozunguka, pita. Na katika akaunti zako, jibu la mnyama wa kwanza liwe neno lisilohusiana na mnyama yeyote, uliloliandika mahali salama.

Itatokea pia kwamba mmoja wenu atasema zaidi ya alivyokusudia. Dalili zake hazijifichi: ananyamaza ghafla, anacheka peke yake, anaondoka mapema. Msilitaje jambo hilo kundini, hata kwa nia njema. Mmoja tu, aliye karibu naye, amtafute kesho yake kabla ya jioni, kwa sauti kuliko kwa ujumbe, amwambie kwamba alichosema kimebaki pale. Kisha amuulize jambo lingine kabisa. Akitaka kulirudia, atalirudia mwenyewe.

Wenu,
Babu yenu