Paka mwenye mafua asipewe dawa za binadamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie mnyama ambaye tunapojadili mifugo huwa tunamsahau, ingawa katika nyumba nyingi za hapa Dodoma ndiye anayelinda chakula cha mwaka mzima. Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa nafaka, mkazi wa Nkuhungu, na kwa miaka mingi magunia yangu ya mtama, uwele na karanga yamenusurika na panya kwa sababu ya paka. Mwaka juzi nilimpoteza mmoja wao aliyekuwa na mafua. Mafua hayo hayakumuua. Tulimuua sisi tuliokusudia kumponya.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, wakati upepo mkavu unapovumisha vumbi mchana kutwa na usiku baridi inauma. Paka alianza kupiga chafya, macho yakajaa tongotongo, pua ikaziba kwa kamasi nzito, na siku ya pili akawageuzia dagaa mgongo. Jamaa mmoja wa nyumbani, kwa huruma tu, alisaga nusu ya kidonge cha parasetamoli akakichanganya na maziwa. Kabla jua halijatua paka alikuwa anahema kwa shida, uso umevimba, na ufizi wake umegeuka rangi ya kahawia. Hakufika asubuhi.

Daktari wa mifugo niliyemwendea baadaye alinieleza jambo ambalo natamani kila mfugaji wa paka alijue. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa kimeng'enya ambacho mwili wa binadamu hukitumia kuivunja parasetamoli na kuitoa, na kwa hiyo dawa inayomshushia mtoto homa hugeuka sumu ndani ya paka, ikaharibu chembe nyekundu za damu hadi damu ishindwe kubeba oksijeni, na ini lenyewe likaharibika pia. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka aliyekomaa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki nazo asipewe, na yale mafuta ya kupaka kifuani yenye kafuri na mentholi yasimguse, kwa sababu chochote kilichoshika manyoya yake atakilamba. Aliyekwisha kumpa paka wake kidonge asisubiri kuona dalili. Ampeleke kwa daktari saa hiyo hiyo pamoja na pakiti ya dawa, kwani ipo dawa ya kupambana na sumu hiyo, lakini inahitaji kutolewa mapema.

Wengi wetu tunadhani mafua ya paka yanaletwa na vumbi au baridi. Vumbi linawasha pua, ni kweli, na moshi wa jiko la mkaa unazidisha, lakini mara nyingi chanzo chenyewe ni virusi vya aina mbili, yaani virusi vya hepesi vya paka na virusi vya kalisi, ambavyo hupita kutoka paka mmoja hadi mwingine kwa chafya, kwa ute, kwa sahani wanayolia pamoja, hata kwa mikono yetu wenyewe. Aliyewahi kuambukizwa hepesi hubaki nayo mwilini maisha yake yote, na inaweza kuamka tena akipata msukosuko kama kujifungua au kuhamishwa nyumba. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, wapo majirani waliokuja na paka wao ndani ya maboksi kutoka Dar es Salaam, na nimesikia zaidi ya mmoja akisema paka alianza chafya wiki ile ile ya kuhama na kulilaumu jiji letu. Virusi hivi viwili haviwaambukizi binadamu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtupa mnyama nje eti watoto wataugua.

Mwaka huu, mwezi wa Julai, paka mwingine akapata dalili zile zile, na safari hii nilifuata maelekezo. Nilimtenga na wenzake katika chumba kisicho na moshi wala upepo, nikampa sahani yake na boksi lenye nguo kuukuu. Macho na pua nilimsafisha mara tatu kwa siku kwa pamba iliyochovywa katika maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kila jicho na pamba yake. Asubuhi na jioni nilimkalisha bafuni karibu na ndoo ya maji ya moto, mlango umefungwa, kwa muda wa dakika kumi hivi, nami nikiwa nimemshika ili asiifikie ndoo. Mvuke mtupu unatosha kulainisha kamasi. Maji hayo hayahitaji kutiwa majani wala mafuta yoyote.

Kazi kubwa, hata hivyo, ilikuwa kumlisha, na hapa ndipo naamini paka wengi wanapotea bila wenyewe kujua. Paka hutambua chakula kwa pua. Pua ikiziba, dagaa mzuri kuliko wote kwake ni kama kipande cha kuni. Tena asipokula kwa siku tatu hivi, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na hapo anaweza kufa kwa njaa wakati mafua yenyewe yameanza kupoa. Kwa hiyo usimwachie sahani ukasema atakula akisikia njaa. Nilichemsha dagaa bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana vyote viwili ni sumu kwake, nikawaponda, nikampa wakiwa vuguvugu ili harufu ipande, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Siku mbili za mwanzo alilamba mchuzi tu kutoka kidoleni mwangu. Maziwa ya ng'ombe sikumpa, kwa sababu paka wengi wakubwa huharishwa nayo, na mgonjwa anayeharisha hukaukiwa maji upesi. Siku ya nne alikula mwenyewe, na siku ya kumi alikuwa amerudi ghalani.

Si kila mgonjwa atapona hivyo. Paka anayepumua kwa mdomo wazi, asiyekula kwa siku nzima akiwa bado mtoto, au ambaye ngozi ya shingo ukiivuta na kuiachia inachelewa kurudi, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Na tafadhali tusikimbilie duka la dawa za mifugo kununua sindano ya ng'ombe kwa kukisia kipimo. Antibayotiki haiui virusi. Daktari huitoa pale bakteria wanapokuwa wamedandia juu ya mafua, kwa mfano kamasi ikiwa ya njano au kijani, naye huipima kwa uzito wa mnyama wa kilo tatu au nne.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Virusi vya kalisi huweza kumtoa paka vidonda mdomoni, akadondosha mate, na mtaani kwetu paka anayedondosha mate huhukumiwa kuwa na kichaa na kupigwa mawe. Hofu hiyo naielewa, kwani kichaa cha mbwa kipo na kinaua, na paka aliyebadilika tabia, anayeuma ovyo au anayeyumba asishikwe kabisa. Aitwe bwana mifugo. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa naye aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa. Lakini uamuzi huo ufanywe na mtaalamu, wala si na vijana wenye mawe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikutungwa kwa ajili ya ng'ombe na punda peke yao.

Ipo chanjo ya hepesi na kalisi, ambayo mtoto wa paka huanza kupewa akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Haizuii maambukizi yote, ila hupunguza sana ukali wa ugonjwa. Ombi langu kwa maofisa mifugo wa jiji na wa wilaya jirani za Chamwino na Bahi, pamoja na Kongwa, ni kwamba wanapotangaza siku za kuchanja mbwa na paka dhidi ya kichaa, watueleze pia chanjo hii inapatikana wapi na kwa bei gani. Wengine tuko tayari kuilipia, na binafsi nina watoto wa paka watatu ghalani wanaotimiza wiki nane mwezi ujao.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Nkuhungu, Dodoma