Chop-chop si chapchap: barua kwa mdogo wangu aliye Leeds, Uingereza

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Wateja wamejaa, umebeba sinia la vyombo vichafu, ukamwambia yule mama wa Hong Kong anayeosha vyombo, "Chop-chop, auntie!" Akanyamaza. Mpaka zamu inakwisha hakukutazama usoni, na wewe hadi leo hujui umekosa nini, maana moyoni ulikuwa unasema chapchap.

Ndipo ulipoteleza. Chapchap yetu haina mkubwa wala mdogo. Unamkumbuka mama alfajiri, kandili mkononi: "Chapuchapu wanangu, gari litatuacha!" Huku mwenyewe anafunga kanga na kutafuta kiatu cha pili. Alikuwa anajihimiza pamoja na sisi. Fundi naye humwambia mteja, "Nakufanyia chapchap." Ni neno la ukoo wa chapua, kama tunavyosema chapua miguu.

Chop-chop limepita njia nyingine. Lilizaliwa Guangzhou, bandari ambayo Wazungu waliiita Canton. Kuanzia 1757 hadi 1842, karibu biashara yote ya baharini kati ya China na Ulaya ilibanwa hapo, chai na hariri zote, na Mchina kumfundisha mgeni lugha yake lilikuwa kosa. Wakaelewana kwa Kiingereza cha kuungaunga. Gap kwa Kikantoni, lugha ya huko, ni haraka. Likarudiwa mara mbili, likawa chop-chop, na kufikia miaka ya 1830 lilikuwa tayari limeandikwa magazetini. Baadaye likakaa vinywani mwa mabwana: mwenye nyumba kwa boi wake, nahodha kwa kuli. Makofi mawili yakilisindikiza, unaelewa mwenyewe linavyosikika kwa mtu wa huko.

Hata vijiti vyao vya kulia, chopsticks, wataalamu wa lugha huvihusisha na chop hiyohiyo. Zamani Wachina waliviita zhu. Wapo walioandika, tangu enzi ya watawala wa Ming (1368–1644), kwamba watu wa vyombo vya majini walilihofia jina hilo kwa kuwa linafanana na neno la kusimama, chombo kisije kikakwama, wakaviita kuai, yaani haraka. Sisi tuliokulia pwani hatushangai baharia kuchagua maneno.

Waingereza bado wanalitumia, mzazi kwa mtoto anayechelewa kuvaa viatu, au marafiki wanaotaniana. Kwa mtu mzima usiyemzoea ni amri. Kwa Mchina, usilitamke kabisa. Ukitaka ile chapuchapu ya mama, sema "Let's get a move on", yaani tuharakishe, kisha uwe wa kwanza kuinua sahani. Hiyo let's ndiyo inayokuweka kazini pamoja naye. Na wakikuambia "when you get a chance", yaani ukipata nafasi, jua mara nyingi wanataka usichelewe.

Kesho wahi kabla ya zamu, umwombe radhi. Umweleze kwamba kwenu lipo neno linalofanana na hilo, na jinsi mama alivyolitumia na kandili mkononi. Kwao Hong Kong wakihimizana husema faai di, na faai hiyo ndiyo kuai ya vijiti. Muulize inatamkwaje. Akikubali, nirekodie nisikie.

Kaka yako