Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Sayansi, Lamu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Daktari wetu, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mliotoka Shela na Matondoni, na nyinyi mliovuka maji kutoka Manda na Pate, wanafunzi wenzetu: Assalaam alaykum.

Daktari, kukukaribisha Amu ni adabu tu, maana tumeambiwa umekulia Langoni na vichochoro vya kwenda gatini unavijua kutushinda. Hata hivyo, karibu.

Mwaka huu chama chetu kimepanda mikoko na kupima chumvi katika maji ya visima vitatu vya mji. Matokeo tumeyabandika ukutani, hatutakuchosha nayo. Risala yote tumeiachia jambo moja lililotushughulisha tangu Januari.

Mwenzetu mmoja, aliyeturuhusu tuyaseme haya bila kumtaja, ana kisukari aina ya kwanza. Insulini yake huiweka bwenini ndani ya kijungu cha udongo kilichozungushiwa kitambaa kibichi, chini ya kitanda, upande usiofikiwa na jua. Kila alfajiri, kabla hajatawadha, hukilowesha kitambaa upya. Likizo ya Desemba bibi yake alimnunulia kwa mchuuzi chupa ya dawa ya majani, shilingi 800, ya “kuongeza kinga”. Mjukuu aliubusu mkono wa bibi, chupa akaiweka juu ya kabati, akarudi shuleni na swali: kinga yangu ni pungufu, au imezidi?

Mlezi wetu alimjibu kwamba kinga yake haikupungua, imekosea adui. Seli T, askari wa kinga, ambazo baadhi yake kazi yao ni kuziua seli zilizoingiliwa na virusi, zimezigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hapo likazuka swali la pili, nalo ndilo lililotunyima usingizi: basi sisi wengine, ni nani anayezizuia zetu?

Jibu lake lilitunukiwa Nobeli ya tiba Oktoba 2025, wakapewa watu watatu: Shimon Sakaguchi wa Japani, na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ya thaimasi, ambako seli T hukomaa, na zile zenye kuuonea mwili uhasama huondolewa huko huko. Baadhi huponyoka. Watafiti walipowaondolea panya tezi hiyo siku ya tatu baada ya kuzaliwa, mtu angetazamia kinga idhoofike. Kumbe ilichachamaa, ikashambulia viungo vya panya wenyewe. Sakaguchi akachukua seli T za panya wazima akawadunga wale walioondolewa tezi, wakasalimika. Maana yake ni kwamba miongoni mwa askari walikuwamo wanaowatuliza askari wenzao. Wakati huo wanasayansi wengi walikwishalipa kisogo wazo hilo. Yeye hakuliacha, na mwaka 1995 akazitambulisha seli hizo kwa alama iliyo juu ya utando wa nje wa kila seli. Vitabuni huitwa seli T za udhibiti. Sisi chamani tumeziita wasuluhishi.

Brunkow na Ramsdell walianzia kwa panya wengine, wa kiume, waliokuwa wakizaliwa na ngozi ya magamba na kufa baada ya majuma machache. Waliichambua kromosomu ya X, uzi mmoja wa urithi ulio ndani ya seli, hadi wakabakiwa na jeni (vipande vya urithi) 20 za kushukiwa, wakazikagua moja moja. Mkosaji alikuwa jeni ya ishirini, ya mwisho kabisa. Waliiita FOXP3, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba ikiharibika kwa mtoto wa kiume, naye huugua vibaya kwa kinga yake mwenyewe. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba jeni hiyo ndiyo inayowafanya wasuluhishi wawe wasuluhishi. (Siku tuzo ilipotangazwa Ramsdell alikuwa matembezini milimani, simu hapokei. Tumelitaja hili kwa ajili ya mwalimu wa zamu anayetunyang’anya simu.)

Daktari, baada ya risala hii utaona igizo letu. Askari wamevaa vikoi vyekundu, wasuluhishi kanzu nyeupe, na uvimbe wa saratani ni mvulana wa kidato cha kwanza aliyevishwa pakacha. Mazoezi ya kwanza yalituharibikia. Kila mtu alitaka kuvaa kanzu, tukajikuta na wasuluhishi sita na askari wanne. Kila askari aliyemsogelea mwenye pakacha alikumbatiwa na kurudishwa nyuma, na saratani ikashinda kabla ya kengele ya saa nne. Tulicheka, lakini mlezi akatwambia tumeigiza kweli tupu bila kujua.

Ndivyo saratani nyingi zinavyojilinda. Uvimbe huwavuta wasuluhishi waje kwa wingi, ukajizungushia kama mtu mwovu anayejificha nyuma ya wazee wa mtaa. Askari wakifika huambiwa: tulieni, huyu ni wa nyumbani. Na kweli ni wa nyumbani, maana seli ya saratani ni seli ya mwili iliyoasi. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Kuna dawa zinazolegeza breki hizo. Ipilimumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi ya melanoma, huziba kitufe kimoja ambacho huwapoza askari na ambacho wasuluhishi hukitumia sana. Wapo wagonjwa walioishi miaka mingi kwa sababu yake. Wapo pia ambao askari wao, baada ya kufunguliwa, waliushambulia utumbo, ini au ngozi, ikabidi wapewe dawa za kuwatuliza tena. Watafiti wengine wanakwenda upande wa pili: wanajaribu kuwaongeza wasuluhishi kwa watu ambao kinga yao inawala wenyewe, au waliopandikizwa figo.

Kwa hiyo mchuuzi anaposema chupa yake “inaongeza kinga”, sisi sasa tunamuuliza: unaongeza askari, au wasuluhishi? Hajatujibu bado. Tunajua pia kwamba neno hilo humchelewesha mtu mwenye uvimbe, akazimaliza chupa tatu kabla hajapanda boti kwenda Mokowe na basi la Mombasa.

Tunayo maombi matatu. Hadubini yetu ina lenzi yenye ufa na tunaitumia kwa foleni. Tunaomba nyingine, hata iliyokwishatumika. Pili, tunakuomba urudi siku moja uzungumze na mama zetu barazani, baada ya alasiri, kwa lugha ya nyumbani, kuhusu uvimbe usiouma. Wewe watakusikiliza, sisi wanatwambia tukasome kwanza.

La tatu ni friji ndogo ya kuwekwa katika chumba cha matroni, ya insulini peke yake, isiyotiwa soda. Mwenzetu ameshaahidi kwamba siku ikifika, kile kijungu atakirudisha jikoni kikawekewe maji ya kunywa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Chama cha Sayansi