Akimuuliza mwenzie darasani sio kelele

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku kwetu Newala msimu wa korosho watoto wanakaa na bibi zao kubangua, hakuna anaefundishwa kwa notsi, anamwangalia bibi, anauliza, anachekwa kidogo akiivunja korosho, baadae anaweza mwenyewe. Yule mwanasaikolojia Mrusi, Vygotsky, aliefariki 1934, aliliandika hilo hilo, kwamba kuna kitu mtoto hakiwezi peke yake ila anakiweza akiwa na anaejua zaidi. Sasa mbona darasani akimuuliza tu jirani yake anaandikwa kapiga kelele? Na sisi wazazi nyumbani tunampa simu atulie (simu sio mbaya jamani, hata mimi ninayo) ila nani anaongea nae? Walimu, hesabu waacheni waelekezane kwenye vikundi.

Mzazi, Newala, Mtwara